Mtani, Maharage Yako Tumeyala Msibani

Mtani wangu Mhando,

Onga makeo. Najua ni jioni. Lakini salamu hiyo ya Kisambaa wewe ulikuwa unanipiga nayo mpaka jua linazama, makusudi kabisa, ili nikwambie, "Mzigua wewe, hiyo ni ya asubuhi!" na wewe unijibu kwamba kwenu Handeni asubuhi inakaa siku nzima. Na mimi nikumalizie: inakaa kwa sababu haina kazi ya kufanya, kama wenyewe.

Nilitaka nianze na mzaha mzuri kuliko huo. Nimeshika kalamu tangu nifunge genge, mzaha hauji. Mimi Hoza, niliyemchekesha trafiki wa Mombo mpaka akasahau kuniandikia kosa! Basi ngoja nikwambie kavu kavu. Yale makopo yako ya fukusi hayapo. Maharage yake tumeyala. Tumeyala kwenye msiba wako mwenyewe, na mimi nilikula, na nikaomba niongezewe.

Ngoja kwanza, usikasirike. Wewe ulikuwa unawaambia wanafunzi wako, "Msiniletee jibu, nileteeni njia mliyopita." Nimekuletea jibu. Sasa nakuja kwenye njia.

Njia inaanzia sokoni. Unakumbuka ulivyokuja kwenye genge langu na shati jeupe, kalamu zimejazana mfukoni kama unakwenda kuzitembeza? Ukashika maharage yangu ya kablanketi, ukayageuzageuza, ukaniuliza kwa upole, "Una yaliyobunguliwa?" Mimi nikajua huyu ni bwana afya, kaja kunifungia. Nikaapa. Nikakwambia fukusi wakipita hapa ni kuulizia njia ya kwa jirani tu. Ukasikitika kweli kweli, ukasema, "Bahati mbaya. Mimi ndio ninaowatafuta." Nikaona mtego huo sasa umepakwa asali. Nikaapa mara ya pili. Nasikia na jirani alikuapia, na jirani wa jirani. Mteja mmoja tu duniani anayetafuta fukusi, na soko zima la Lushoto linamkana mchana kweupe!

Kilichokuokoa ni simu. Iliita, ukaipokea kwa Kizigua. Alaa! Kumbe mtani. Mtani hatoroki. Nikapiga kelele, "Ndiyo maana! Kwenu njaa imewafundisha kula mpaka mdudu!" Wewe hata hukushtuka. Ulifunga simu, ukaniangalia miguu, ukasema, "Na nyie mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa kwenye mtelemko. Hebu simama sawa nikuone." Soko likacheka, mimi nikacheka kuliko wote, nikaenda nyuma nikakuburutia lile gunia ambalo mke wangu, Mama Rehema, alikuwa amelitenga kwa ajili ya kuku. Ulilifungua ukatabasamu kama mtu aliyeletewa mahari.

Ndipo ukaniambia kwamba wewe ni mwalimu wa biolojia wa mwaka wa kwanza pale chuoni, na kwamba hao wadudu watasoma pamoja na vijana. Nikasema sawa, ila siri iwe siri. Mwenye maharage akitajwa na fukusi pamoja, huyo kesho anauza kamba za viatu. Ukasema, "Siri yako iko salama, mtani." Na kweli, hukumwambia mtu. Na mimi sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mama Rehema alijua naenda chuoni kupeleka peasi na plamsi. Nilikuwa napeleka, lakini chini ya plamsi kulikuwa na wageni.

Basi nikaanza kukaa nyuma ya darasa lako. Mimi niliyeachana na shule darasa la nne, tukiwa hatudaiani. Nilikaa kwa sababu ilikuwa inachekesha. Wale vijana walikuwa na sura za watu waliopanda basi la Tanga wakajikuta Arusha. Yule Agnesi, kiongozi wa darasa, mtoto wa wakulima wa chai wa Mponde, alisimama siku ya kwanza kwa niaba ya wote: "Mwalimu, samahani. Sisi hesabu tuliiacha kidato cha nne, tukaapa hatutaonana nayo tena. Biolojia ni kukariri. Sehemu za ua, sehemu za moyo, tunaandika, tunafaulu." Ukamjibu, "Agnesi, fukusi hajakariri kitu maishani mwake, na anazidisha kila siku."

Ukawagawia yale makopo ya pipi ya kuona ndani. Maharage safi, fukusi wachache, juu kipande cha chandarua na mpira. Kila wiki wahesabu. Halafu waende kwenye zile kompyuta kuukuu, waandike programu ya kusema wiki ijayo watakuwa wangapi, na mwisho wa muhula wangapi. Kabla ya kuwaona! Mimi nilidhani ni ramli. Nikakwambia, "Kwetu huyo tunamwita mganga, na anavua viatu." Ukasema mganga hakuoneshi alivyopata, kompyuta inakuonesha mstari kwa mstari, na ikikosea unajua imekosea wapi.

Wanafunzi wakawa wanalia. Programu hazikubali. Ndipo siku moja ukaniita mbele. "Huyu ni Bwana Hoza. Kuanzia sasa ni kompyuta. Mwambieni atenge maharage yenye matundu. Atafanya mnachosema, basi." Mtani, ulijua unachofanya. Kazi ya mtani ni nini kama si kulishika neno la mtu na kumgeuzia? Kijana mmoja akasema, "Chukua harage." Nikachukua, nikatia mfukoni. Wakapiga kelele. "Rudisha!" Nikalirudisha kwenye gunia. "Aaa, siyo huko! Angalia kama lina tundu!" Nikaliangalia. Nikaendelea kuliangalia. Nikaliangalia mpaka jasho likamtoka yule kijana. "Sasa si useme?" Nikamwambia, "Hukusema niseme." Agnesi akacheka mpaka akakaa chini, halafu ghafla akachukua kalamu. Akaandika: chukua moja, angalia, kama lina tundu weka kushoto, kama halina weka kulia, rudia mpaka yaishe. Nikatenga maharage yote bila kuuliza. Darasa likanipigia makofi. Tangu siku hiyo wakaacha kuniita mjomba, wakaniita Kompyuta. Hata nikipita mjini na mkokoteni, "Shikamoo Kompyuta!"

Na ile barabara. Hiyo siisahau. Uliwachorea mstari ubaoni, ukasema hii ni barabara ya kutoka Mombo. Huku chini tambarare, gari linakwenda, huoni kitu kinabadilika. Fukusi ni wachache, wiki ya pili wachache, unadhani wamelala. Kisha unaanza kukata kona kwenda Soni, mlima umesimama, masikio yanaziba. Kisha Lushoto, tambarare tena, maana chakula kwenye kopo kimeanza kwisha, wanaozaliwa na wanaokufa wanakaribiana. Ukauliza, "Hatari iko wapi?" Wote wakasema Soni, kwenye kona. Ukasema hapana. Hatari iko Mombo, kwa sababu pale ndipo mnaposinzia.

Mtani, wakati unasema maneno yale, ulikuwa umeshapita Mombo yako. Sisi hatukujua. Wewe ulijua? Nimejiuliza sana. Suruali ilikuwa inakulegea, mimi nikakutania kwamba baridi ya Lushoto imekunyonya mafuta ya Kizigua. Macho yakawa ya manjano, nikasema umeanza kufanana na maharage. Ulicheka. Na mimi sikuona ajabu kwamba ulikuwa unacheka umeshika ubavu. Watu wa utani tuna shida hiyo. Kila kitu tunakifanyia mzaha, na mwili wa mtu unakuwa unasema kweli pembeni, hakuna anayeusikiliza.

Walipokwambia ni uvimbe kwenye ini, na umeshakua, ulikuja kukaa kwenye genge langu, juu ya gunia. Hukulia. Ulisema tu, "Nimechelewa kuhesabu, mtani." Nikakupa peasi. Ukaila.

Asubuhi uliyopelekwa Moshi kwenye ile hospitali kubwa, ulinipa ufunguo wa nyumba. Makopo ulikuwa umeyahamishia kwako, kwenye rafu ya sebuleni, maana darasani walikuwa wanayagusagusa. Ukanieleza ya mkuu wa idara yako, kwamba amekupa muhula huu tu. Hakukuchukia, ukasema, ila ana wazee wa chuo juu yake wanaouliza kwa nini watoto wa biolojia wanahesabu wadudu. Kakwambia, "Nioneshe kwa macho. Siku ya mwisho leta makopo, leta na karatasi za kompyuta, vikifanana, tutaendelea kufundisha hivi. Visipofanana, turudi kwenye noti." Ukanishika mkono. Mkono ulikuwa mwepesi kama bawa la kuku. "Mimi nikichelewa, makopo yasichelewe."

Nikasema hayatachelewa. Niliapa kama nilivyoapa siku ile sokoni, ila safari hii kwa kweli.

Na nilifanya, mtani. Kila wiki nilifungua mlango, Agnesi na wenzake wakaja, wakavua viatu, wakahesabu, wakafunika, wakaondoka. Walikuwa wananong'ona kama wamo kanisani. Mstari ulikuwa unapanda kama walivyosema. Agnesi alinionesha karatasi: hapa tulitabiri, hapa ndipo walipo. Vilikuwa vinakwenda pamoja kama ng'ombe wa jembe. Alitaka nikupigie simu nikwambie. Nikapiga. Dada yako akapokea, akasema umelala. Nikampa ujumbe. Sijui kama ulikufikia. Hilo nalo linanisumbua.

Kisha dada yako akapiga yeye. Nilikuwa stendi napakia kabichi. Sikumbuki nilivyoziacha, nasikia zilisafiri bila mwenyewe.

Ikaamuliwa mwili upitie Lushoto, chuo kikuage, kisha uende kwenu Handeni. Mimi nikawa mtu wa kukimbia: turubai, viti, gari la kufuata jeneza, mchungaji. Nyumbani kwako mke hukuwa naye. Utani wangu mkubwa si ulikuwa huo, kwamba Wasambaa wa kike wanaogopa joto lako? Basi kina mama wa mtaani wakaja wenyewe kufagia na kupika, na Mama Rehema ndiye aliyewaongoza. Mimi ndiye niliyempa ufunguo. Nilimwambia, "Mpange vizuri, mwalimu alikuwa mtu wangu." Sikusema neno la rafu. Kichwani mwangu kulikuwa na jeneza tu.

Akaingia, akaona makopo. Ameniambia mwenyewe baadaye, akilia. Alishika mdomo. Mwalimu wa watu, mstaarabu vile, shati jeupe, kumbe ndani anakula maharage yanayotembea! Na wakubwa wa chuo wako njiani, na mama yake mzazi anakuja kutoka Handeni. Akawaambia wenzake, "Aibu hii haitamkuta marehemu mimi nikiwa nimesimama hapa." Wakayamwaga kwenye mkeka juani. Wakapeta na ungo. Wakachagua moja moja, wanaimba nyimbo za msiba. Mabovu yakatupiwa kuku wa jirani, na kuku nasikia waliwadonoa na fukusi wote kwa furaha. Yaliyofaa yakalowekwa, yakachanganywa na mahindi. Maana kina mama wa mtaani kwetu wana msemo wao: kilichomo nyumbani mwa marehemu kipikwe, ni yeye anayewakaribisha wageni mara ya mwisho.

Nikarudi nina njaa ya siku nzima. Nikapewa sahani ya makande. Matamu, mtani! Nikamwambia Mama Rehema aniongeze. Akaniongeza, akanong'ona, "Nimemsitiri mwalimu wako." Sikuuliza kamsitiri nini.

Agnesi akaingia na darasa lake, kila mmoja ana ua mkononi. Wakapewa sahani nao. Nikamwona amesimama mlangoni anaangalia rafu. Kisha akaangalia nje, kwenye uchanja wa vyombo. Makopo yalikuwa pale, yameoshwa kwa majivu, yamepinduliwa, yanang'aa. Akaiangalia sahani yake. Akaniangalia. Alisema kwa sauti ndogo, "Mjomba..." Hakuniita Kompyuta siku hiyo.

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nilikaa nalo. Sikuweza kulimeza, na kulitema msibani kwako nisingeweza.

Unataka kujua kama nilimfokea mke wangu. Sikumfokea. Nilimweleza pale pale nyuma ya jiko: ni nini kile, na kwa nini. Alikaa chini kwenye majivu na kanga yake mpya. Akasema, "Hoza, kwa nini hukuniambia?" Mtani, wewe ungejibu nini? Nilikuwa naficha jina la biashara yangu, na yeye alikuwa anaficha aibu yako. Wote tulikuwa tunaficha fukusi wale wale.

Handeni nilikwenda. Nilitaka nisiende, wazee wa kwenu wakapiga simu: "Mtani yuko wapi? Maiti haizikwi kavu." Nikavaa koti lako jeupe la maabara na miwani yako. Sioni kitu nayo, nilikuwa nagonga watu. Jeneza lilipotoka nikalala njiani mbele yake. "Halipiti! Mtu huyu hajasahihisha madaftari!" Wakanitoa, nikakimbilia kaburini. "Nani kachimba hili? Kalipima? Kalichora? Yaani Wazigua mnazika bila grafu!" Mzee mmoja akaita, "Mshikeni huyo Msambaa asianguke, hajazoea tambarare!" Kijiji kizima kikacheka. Wakanipa kuku ili niwapishe. Nikamkataa, nikasema kuku kwa sasa nina ugomvi nao. Wakacheka tena, hawakujua wanachekea nini. Agnesi, aliyekusindikiza mpaka Handeni, ndiye pekee ambaye hakucheka.

Mama yako alicheka akajishika kiuno, akasema, "Ndivyo alivyo huyu. Ndivyo alivyo." Hakusema alivyokuwa. Mimi nikavua miwani haraka, maana ilikuwa imeanza kuingia maji.

Udongo ulipoanza kudondoka juu ya sanduku, nilitakiwa niendelee kutania mpaka mwisho. Sikuweza. Nilisimama nimeshika koti lako. Wazee walinisamehe, walisema Msambaa kachoka na jua.

Siku ya makopo ikafika. Niliomba kuingia, wakanikubalia nikae nyuma. Mkuu wa idara alikuwepo, na wazee wa chuo. Alianza kwa kukuombea, alisema maneno mazuri, sitaki kumsingizia. Kisha akauliza, "Makopo yako wapi?" Agnesi akasimama peke yake. Akaonesha karatasi: wiki hizi zote tulitabiri hivi, tukakuta hivi. Wiki za mwisho, utabiri upo, makopo ya kuonesha hayapo. "Kwa nini hayapo?" Nilidhani atasema yameibwa, yamevunjika. Akasema, "Tuliyala, mzee. Kwenye msiba wa mwalimu."

Mzee mmoja alicheka, akajikohoza. Agnesi hakutikisika. Akasema, "Programu yetu ilihesabu chakula, ilihesabu wanaozaliwa, ilihesabu wanaokufa. Haikuwa na mstari wa msiba. Hilo ni kosa letu, hatukulijua." Akakaa.

Ungekuwepo ungempa alama zote. Lakini hukuwepo, na wao hawakuwa wewe. Mkuu wa idara akasema polepole kwamba anamheshimu marehemu, ila hakuoneshwa, na ambacho hakuoneshwa hawezi kukipeleka mbele. Muhula ujao ni noti. Mwalimu mpya ameshapatikana. Agnesi akasimama tena akaomba warudie kwa muda wao wenyewe. Akajibiwa kwamba chuo hakina mahali pa kufugia wadudu sasa. Kisha, wakati anakusanya karatasi zake, yule mkuu akaongeza bila kumwangalia mtu, "Mkija siku moja na makopo kamili, nitayaangalia. Zaidi ya hapo siahidi."

Ndivyo hali ilivyo. Mwalimu mpya anawasomea sehemu za ua, wao wanaandika. Nimepita dirishani nikasikia. Hakuna anayelia sasa. Wameinama wote, wanaandika, kama watu wanaonyeshewa na mvua. Yule kijana wa "chukua harage" amenisalimu "shikamoo mjomba" akapita. Wengi wameona bora hivi, mtihani unajulikana, noti zinajulikana. Siwalaumu. Mlima wa Soni ukishateremka nusu, kupanda tena ni kazi.

Agnesi alikuja sokoni na wenzake wachache. Aliinama kwenye genge, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, maana alikuwa ameshahisi ni siri, kama nina yaliyobunguliwa. Mama Rehema alikuwa pembeni anapanga viazi. Nikamwangalia. Akaacha viazi, akafuta mikono, akaenda nyuma akaleta gunia lililobunguliwa pamoja na makopo yako. Alikuwa ameyahifadhi kwenye kanga. Akayapanga mwenyewe mbele ya genge, mbele kabisa, juu ya meza, pale ambapo huwa naweka kablanketi nzuri za kuvutia watu. Nikamwambia, "Mama Rehema, hapo kila mtu ataona." Akasema, "Waone. Wasipoona watayapika."

Basi fukusi wako wapo sokoni Lushoto, mchana kweupe, jina langu juu yao. Biashara? Mtani, usiniulize. Jirani yangu anawaambia wateja, "Kwa Hoza kuna maharage na nyama yake ndani, bei moja." Mzaha mzuri, nilimpa mkono. Wateja wa jumla wamehama. Nauza zaidi peasi. Nikiwaeleza watu kwamba ni masomo, wananitazama kama nilivyokutazama wewe. Wachache wanasimama, wanauliza, Agnesi anawaeleza, anawachorea barabara ya Mombo kwenye boksi. Wanatikisa kichwa, wanakwenda kununua maharage kwa jirani.

Na baridi hii imewagandisha. Fukusi hawataki kuzaliana, wamekaa tu kama wazee wa baraza. Agnesi anasema programu ilijifunza kwenye joto la sebule yako, sokoni hapa ni kwingine, kwa hiyo lazima waongeze mstari wa baridi. Wanaandika upya jioni baada ya noti, kwenye kompyuta moja ya kuazima. Vijana walikuwa watano mwanzoni. Sasa wamebaki wawili. Sitakuficha, sioni kama watamaliza. Kuna siku Agnesi anakuja macho mekundu, anahesabu, anafunika, anaondoka bila kusema kwaheri. Mimi simtanii siku hizo. Nimejifunza kuangalia mtu anashika wapi akicheka.

Mtani, nenda salama. Sijui kama huko mliko kuna utani, kama hakuna, anzisha wewe, ukipata Msambaa mwenye mguu mmoja mfupi mwambie nimekutuma. Sisi hapa tutakaa na makopo. Ahadi yangu ni moja, na nimeisema mbele ya Mama Rehema: makopo haya hayaondoki juu ya meza mpaka yamefika mwisho, hata kama nitabaki mimi peke yangu wa kuhesabu, mimi wa darasa la nne. Na yakifika mwisho, nitapanda basi nije Handeni, nikae kwenye udongo wako, nikusomee hesabu yote kwa sauti, wiki kwa wiki, na makosa yangu yote ndani yake. Usiponikosoa hata moja, ndipo nitakapoamini umekufa.

Mtani wako,
Hoza